Nilivyolipata kosa la mawingu lililojificha ndani ya wastani

Nilipewa kazi ya kukadiria mionzi ya jua itakayotosha kuendesha chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki aina ya migebuka kwenye mwalo mmoja kaskazini mwa mji wa Kigoma. Kwa kuwa mahali pale hapakuwahi kupimwa mionzi, nilichukua takwimu za modeli moja ya tabianchi, yaani programu ya kompyuta inayoigawa dunia katika miraba na kukokotoa hali ya hewa ya kila mraba, pamoja na zile za ERA5, hazina ya takwimu za hali ya hewa ya dunia inayounganisha vipimo halisi na modeli katika miraba ya takriban kilomita 31. Kisha nilifunga piranomita, kifaa cha kupima mionzi ya jua, juu ya paa, ikawa inaandika kisomo kila dakika, nami nikaanza kulinganisha. Wastani wa mwezi uliotolewa na modeli ulikaribiana mno na wangu, na nusura niufunge ukurasa huo wa hesabu.

Kilichonizuia ni mchana mmoja wa Novemba. Mawingu mazito yalikuwa yamerundikana juu ya vilima vilivyo nyuma yetu, huku ziwani kukiwa kweupe pe, na kivuli cha wingu moja kilipopita juu ya paa niliona kisomo kikiporomoka kutoka zaidi ya wati 900 kwa mita ya mraba hadi chini ya 300. Baada ya dakika chache kilipanda tena, kikapita hata kiwango cha anga safi, kwa sababu ubavu wa wingu lililosogea ulikuwa ukiturudishia mwanga zaidi ya ule uliotoka moja kwa moja kwenye jua. Kwa saa hiyohiyo modeli ilikuwa na namba moja tu iliyotulia, kana kwamba anga lote lilifunikwa na utando mmoja wa kijivu.

Mzee mmoja wa pale mwaloni, aliyekuwa akishona nyavu, alinieleza jambo ambalo sikuwa nimelitia hesabuni: "Mwanangu, mchana wingu linapanda mlimani, usiku linarudi ziwani." Ndivyo ilivyo. Mchana upepo wa ziwa huisukuma hewa yenye unyevu kuelekea vilimani, na usiku upepo hugeuka, radi zikaonekana juu ya maji. Ziwa Tanganyika lina upana wa wastani wa kilomita 50 hivi, ilhali mraba wa modeli nyingi za tabianchi una upana wa kilomita 100 au zaidi, hivyo ziwa, vilima vya Kigoma na milima ya ng'ambo ya Kongo vinaweza kuingia katika mraba mmoja na kupewa anga moja.

Niliacha wastani wa mwezi. Kila kisomo nilikigawanya kwa mionzi ambayo ingefika kama anga lingekuwa safi, nikapata makundi matatu: saa nyeupe, saa za mawingu yaliyotawanyika na saa za anga lililofunikwa. Hapo kosa likajitokeza wazi. Modeli ilikuwa na saa nyeupe nyingi kuliko zilizokuwapo, lakini kila ilipoweka wingu, ililifanya lizuie jua kupita kiasi, na makosa hayo mawili yalifutana kwenye wastani. Watafiti wa modeli wanaijua kasoro hii ya mawingu machache mno yanayong'aa mno. Mojawapo ya sababu zake ni kwamba maji ya wingu yakiwa machache, kila nyongeza ya maji huongeza sana mwanga unaoakisiwa, kisha ongezeko hilo hupungua kadiri maji yanavyozidi, na kwa hiyo maji yaleyale yakitandazwa sawasawa huakisi zaidi kuliko yakikaa kwa mafungu kama yalivyo angani.

Jambo hili si dogo. Duniani kote mawingu hurudisha angani takriban wati 47 za mionzi ya jua kwa kila mita ya mraba, wakati kuongezeka maradufu kwa hewa ya ukaa huongeza nishati inayobaki duniani kwa wati 4 hivi tu kwa eneo hilohilo. Katika Bahari ya Kusini, inayoizunguka Antaktika, modeli nyingi zimekuwa zikiruhusu jua jingi mno kufika majini, kwa sehemu kwa sababu zinageuza kuwa barafu matone ambayo kwa kweli hubaki maji hata chini ya nyuzi sifuri.

Agosti ilinipa somo jingine. Moshi wa mioto ya nyikani ulipunguza mwanga, hesabu yangu ikauita wingu, nami nikailaumu modeli kwa kosa lisilokuwa lake. Nililazimika kutenga siku za moshi, na kuhakikisha kuba la kioo la piranomita linafutwa kila asubuhi kwa kitambaa laini kabla jua halijapanda.

Masahihisho niliyatengeneza kwa kila kundi la anga na kwa kila sehemu ya siku, kisha nikayajaribu kwenye miezi ambayo sikuitumia kuyatengeneza. Asubuhi yalikubali vizuri. Alasiri, mawingu ya vilimani yanapokomaa, bado yalipwaya, kwa hiyo idadi ya betri niliipanga kwa mfululizo wa siku za giza nilizozipima mwenyewe, nikauweka wastani kando. Betri zikaongezwa kabla ya mvua za Desemba, na piranomita ingali juu ya paa lile, ikiandika.