Maua ya Mallorca, lozi za California

Tiketi ya ndege kutoka Berlin ilikuwa ya bei chee kabisa, ila Mallorca kwenyewe, kisiwa cha Hispania, wanakukamua, kahawa bei, choo bei, kigodoro cha hosteli springi zinakuchoma mbavu na bado wanakudai hela ya taulo. Palma, mji mkuu wa kisiwa, sina la kusema, mvua tu.

Nilichofuata ni milozi. Nikapanda basi mpaka Son Servera, wana sherehe ya maua yake kila Februari. Yaani mti mkavu, hauna hata jani moja, lakini umejaa maua meupe na mengine ya pinki, maana mlozi unatanguliza maua majani baadaye. Sokoni kila meza lozi. Kuna keki yao inaitwa gató, haina unga wa ngano hata chembe, ni mayai, sukari, lozi za kusaga, maganda ya limau na mdalasini, na aiskrimu ya lozi pembeni. Tamu, siwezi kusema uongo, ila kwa hela ile ya kipande kimoja nyumbani nakula biriani na soda juu.

Nikanunua na pakiti ya lozi. Muuzaji akaniapia ni za hapahapa, nikalipa, bei ya kukata maini. Niko kituoni nasubiri basi (Jumapili mabasi ya huko ni kama yamesusa), nageuza pakiti, nyuma kuna maandishi madogo: zimetoka California.

Nikacheka peke yangu kama chizi. Mzee mmoja pale benchi na mbwa wake akauliza kulikoni, nikamwonyesha. Kihispania changu cha kuungaunga lakini tulielewana. Wala hakushangaa. Akanyoosha fimbo kule mlimani kwenye miti ya kijivu, mi nilidhani bado haijachanua, kumbe imekufa. Kuna bakteria inaitwa Xylella, iligundulika kisiwani 2016, vijidudu vinavyotoa povu ndo vinaisambaza, inaziba njia za maji ndani ya mti basi unakufa kwa kiu hata mvua ikinyesha vipi. Na iliyo hai nani ataivuna, akasema, vijana wote wako mahotelini. Babu zake waliipanda baada ya wadudu kumaliza mizabibu karne ya 19, Agosti familia nzima inatandika nyavu chini na kupiga matawi kwa fito ndefu, wakati California ni mashine inashika shina na kutikisa, karibu asilimia 80 ya lozi za dunia zinatoka huko, utashindana naye vipi? Akatoa lozi zake mfukoni, ganda gumu balaa, akazipasua kwa jiwe. Ndogo, zimejikunja, lakini zile za pakiti hazigusi hapo. Basi likaja bado anaongea, nikaliacha liende.

Kichwani nilikuwa Mtwara. Mikorosho mpaka uani kwetu, korosho ghafi zinapakiwa melini kwenda India na Vietnam kubanguliwa, halafu mi Berlin nanunua kipakiti kimeandikwa Vietnam, jioni mama ananipigia simu kulalamika bei ya mnada mwaka huu na malipo hayajaingia.

Pakiti nikampa mzee, akaikataa. Basi la pili likaja giza limeingia, limejaa watalii, nikasimama mpaka Palma kwa nauli ileile ya waliokaa.