Aliyepata Kura Nyingi Iowa na Aliyepata Wajumbe Wengi

Mikutano ya wanachama wa vyama katika jimbo la Iowa, Marekani, ile inayoitwa kokasi na ambayo huanzisha safari ya kumpata mgombea urais wa kila chama, huanza saa moja jioni kwa saa za kule, na kwetu Nairobi huwa tayari ni saa kumi alfajiri ya siku inayofuata. Wakenya wengi walianza kuifuatilia tarehe 3 Januari 2008, Barack Obama alipoibuka wa kwanza huku nchi yetu wenyewe ikiwaka kutokana na uchaguzi wa Desemba. Tatizo ni kwamba tunayasoma matokeo yake kwa mazoea ya nyumbani: tunatafuta jumla ya kura, kama tunavyojumlisha Fomu 34A za vituo vyote, na aliye juu tunamwita mshindi. Kabla ya 2020 chama cha Democratic cha Iowa hakikuwa hata kikiitangaza jumla hiyo.

Mwaka huo wa 2020 ndipo kilipotoa hesabu tatu kwa pamoja: watu waliosimama na kila mgombea mwanzoni, watu waliokuwa naye baada ya makundi madogo kuvunjika na wafuasi kujipanga upya, na wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo. Bernie Sanders aliongoza katika mbili za kwanza, akimzidi Pete Buttigieg kwa takriban kura 6,000 mwanzoni na takriban 2,400 mwishoni. Hesabu ya tatu ikampa Buttigieg uongozi kwa pengo lisilofika hata nusu ya asilimia, na hatimaye akapewa wajumbe 14 wa mkutano mkuu wa kitaifa, ule unaomteua mgombea urais wa chama, dhidi ya 12 wa Sanders. Lawama nyingi zilielekezwa kwa programu ya simu iliyokwama wakati wa kupeleka matokeo, ilhali hata ingefanya kazi barabara, wagombea hao wawili wangedai ushindi vilevile, kila mmoja akiwa na takwimu halali mkononi.

Chanzo cha tofauti hiyo ni kwamba, katika utaratibu wa Democratic uliotumika hadi 2020, kila kituo kilipangiwa idadi ya wajumbe mapema, kwa kuangalia kura ambazo chama kilipata hapo katika chaguzi kuu zilizotangulia, wala si kwa kuangalia waliojitokeza usiku huo. Sanders alijaza kumbi katika miji ya vyuo vikuu. Wanafunzi wangefurika wapendavyo, wajumbe wa kituo hawakuongezeka hata mmoja. Buttigieg alikuwa amejitandaza hadi kaunti za mashambani, ambako watu wachache waliweza kuamua mjumbe mzima.

Tuchukue kituo cha kubuni chenye watu 200 na wajumbe 5. Kundi lisilofikisha asilimia 15, yaani watu 30, lilivunjika, na wafuasi wake walihamia kwingine au walienda nyumbani. Baada ya kuhama, tuseme wa kwanza ana watu 110, wa pili 60 na wa tatu 30. Ukigawanya kwa uwiano, wanastahili wajumbe 2.75, 1.5 na 0.75, ukikadiria kwa namba kamili, unapata 3, 2 na 1, ambao ni sita ilhali nafasi ni tano. Kwa kanuni za chama za wakati huo, aliyepunguziwa ni yule ambaye sehemu yake ya desimali iliyopandishwa ilikuwa ndogo zaidi, naye ni wa pili. Watu 60 wanatoka na mjumbe mmoja, na watu 30 nao mmoja. Rudia hesabu hiyo katika vituo zaidi ya 1,600.

Wazee waliopanga mlolongo mwaka 1988 wataitambua sura ya mambo, watu kusimama hadharani nyuma ya wamtakaye, ingawa kwetu aliyefikisha asilimia 70 alipita bila kupingwa na Iowa hakukuwa na kitu cha namna hiyo. Wala tusijione tunahesabu kura tupu. Katiba ya 2010 inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote na pia angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47, na Lamu Mashariki ina mbunge mmoja sawasawa na Ruiru. Mahali kura ilipopigwa huwa na uzito wake kotekote. Kinachoniudhi kuhusu Iowa ni kwamba uzito huo ulifichwa ndani ya ukadiriaji wa desimali ambao mpiga kura wa kawaida hakuweza kuukagua.

Upande wa Republican ni kioja kingine. Mwaka 2012 Mitt Romney alitangazwa kumshinda Rick Santorum kwa kura 8. Wiki mbili baadaye hesabu iliyothibitishwa ikamweka Santorum mbele kwa kura 34. Ron Paul alikuwa wa tatu. Lakini kura za usiku ule hazikuwafunga wajumbe, na wafuasi wa Paul walisalia ukumbini wakati wengine wakiondoka, wakajaza nafasi za wajumbe wa kaunti, kisha za jimbo. Mkutano mkuu wa kitaifa ulipofanyika Tampa mwezi Agosti, 22 kati ya wajumbe 28 wa Iowa walikuwa wake.