Kopo la Kaka

Jumamosi nilikwenda kijijini, upande wa Mvumi, kumsalimia mama. Nilimkuta kwenye mkeka mbele ya nyumba, ungo mapajani, anagawa mlenda. Kwa asiyeijua Dodoma: mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na mlenda huota wenyewe mashambani mvua zikishika. Usipouchuma na kuuanika mapema, kiangazi kitakukuta unakula ugali wa uwele kwa chumvi. Basi mama huanika, hutwanga, huchekecha, halafu hugawa. Watoto tuko wanne, makopo manne, yale ya maziwa ya unga. Kikombe cha kupimia ni kimoja, cha bati, kimebanduka rangi mdomoni.

Kopo la nne ni la kaka.

Kaka aliuza mbuzi sita wa mama, mama mwenyewe akiwa amelazwa, akaondoka na hela. Huu ni mwaka wa tano. Na kila mwaka mama humjazia kopo lake na kuliweka juu ya kabati. Mlenda mpya ukija, ule wa zamani unapikwa, kopo linaoshwa, linajazwa tena.

Miaka yote nilinyamaza. Safari hii nikashindwa.

"Mama, na huyu aliyekuuzia mbuzi unampimia sawa na sisi?"

Hata kichwa hakuinua. "Mbuzi walikuwa wangu au wako?"

Akaendelea kupima. Kwangu vikombe vitatu, amevikata usawa kwa kiganja. Kopo la kaka lilikuwa bado na mlenda wa mwaka jana, kwa hiyo akampimia kwenye bakuli. Vitatu.

Nilinuna, nakiri. Bati za nyumba ile nimezinunua mimi. Kanisani wanapohubiri habari za mwana mpotevu wa Luka 15, wenzangu hulia kwa ajili ya yule aliyerudi. Mimi siku zote namwelewa yule mkubwa aliyegoma kuingia ndani. Na habari yenyewe haisemi kama aliingia.

Nikiwa kwenye basi kurudi mjini, vumbi limejaa hadi puani, ndipo nikaukumbuka ule mwaka nilioachishwa kazi. Miezi minane sikutuma hata shilingi. Simu za mama nilikuwa sipokei, kwa aibu. Nilipokwenda hatimaye, kopo langu lilikuwa juu ya kabati, limejaa. Siku ile sikuuliza vikombe. Nililiona ni haki yangu, nikalibeba.

Kumbe kilichoniuma Jumamosi si kaka. Ni kwamba bati hazikuniongezea hata kijiko.

Wapo wanaodhani kupenda bila masharti ni kujilaza mtu akukanyage. Wangemwona mama. Mwaka juzi kaka alipiga kwa namba ngeni kuomba hela, mama akamnyima, akamwambia aje mwenyewe, mlenda upo. Ufunguo wa zizi siku hizi anaufunga kwenye pindo la kanga, analala nao. Hela ina masharti, zizi lina masharti. Kopo tu ndilo halina.

Mimi kaka sijamsamehe, na sitaandika hapa kwamba nimemsamehe ili shajara ipendeze.

Wakati naaga, mama akanikabidhi lile kopo la kaka na mlenda wa mwaka jana ndani. "Upike wewe, usiharibike. Lakini kopo unirudishie, nimjazie."

Jana usiku niliupika, magadi kidogo na karanga za kutwanga. Harufu ilikuwa imefifia ila ulivutika vizuri, nikala mpaka mwisho. Nilipoliosha kopo nikaliona jina lake chini, limekwaruzwa kwa msumari. Mwandiko ni wangu, wa enzi za shule. Mama ndiye aliyeniambia niandike. Nimelifudikiza dirishani likauke. Jumamosi ijayo nalirudisha.