Kanuni Iliyotundikwa Ukutani Mwa Kiwanda

Wapendwa katika Bwana, neno letu la wiki hii ni Mathayo 7:12: "Basi yo yote myatakayo mtendewe na watu, nanyi watendeeni vivyo hivyo, maana hiyo ndiyo torati na manabii." Wengi wetu tuliukariri mstari huu tungali watoto wa shule ya Jumapili, na pengine ndiyo maana tumeuzoea kama fundisho la adabu, lisilomhusu sana mwajiri anayepanga mishahara wala kiongozi aliyekabidhiwa mji. Samuel Jones, mfanyabiashara aliyekuja kuwa meya wa Toledo katika jimbo la Ohio, Marekani, aliamini kwamba watu hao ndio unaowahusu kwanza.

Alizaliwa Wales mwaka 1846, katika familia maskini iliyohamia Marekani yeye akiwa bado mtoto mdogo. Alikwenda shule kwa muda mfupi tu, akafanya kazi ngumu katika visima vya mafuta vya Pennsylvania, kisha akajipatia mali kwa biashara hiyo hiyo ya mafuta huko Ohio. Hatimaye alifungua mjini Toledo kiwanda cha kutengeneza vyuma vya pampu za visimani, vya aina aliyoibuni mwenyewe. Wakati huo uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka tangu 1893, na watu wasio na kazi walikuwa tayari kupokea ujira wowote watakaopewa. Angewalipa kidogo, hakuna ambaye angemlaumu.

Yeye alitundika ukutani maneno ya Mathayo 7:12 na kutangaza kwamba hiyo ndiyo kanuni inayotawala kiwanda chake. Naomba tukae hapo kidogo. Kanuni za kazini kwa kawaida humfunga mfanyakazi: saa ya kufika, kosa na adhabu yake. Hii ilimfunga mwenye mali, tena mbele ya macho ya vibarua wake, ambao kila asubuhi waliweza kuisoma na kumpima kwayo. Naye alikubali kupimwa, maana alipunguza saa za kazi hadi 8 kwa siku, akatoa likizo yenye malipo, akawagawia nyongeza ya fedha wakati wa Krismasi, na kando ya kiwanda akatenga bustani ya kupumzikia. Watu wakamwita "Jones wa Kanuni ya Dhahabu", kwa kuwa ndilo jina ambalo mstari huu hupewa.

Mwaka 1897 alichaguliwa kuwa meya kwa tiketi ya chama cha Republican. Chama kilipokataa kumsimamisha tena mwaka 1899, aligombea bila chama na kupata takribani asilimia 70 ya kura. Aliwanyang'anya polisi marungu na kuwapa fimbo nyepesi. Alipoketi kama hakimu wa mahakama ya polisi, aliwaachia huru maskini wengi ambao kosa lao kubwa lilikuwa kukosa fedha za faini na mtu wa kuwatetea.

Ugumu ulitoka kanisani. Wachungaji wengi wa mji walimpinga kwa kuwa hakutaka kufunga vilabu vya pombe siku ya Jumapili, na sisi tunaojua pombe inavyoharibu nyumba hatuwezi kuyapuuza malalamiko yao. Lakini Brand Whitlock, rafiki yake ambaye baadaye naye alikuwa meya wa mji huo, anasimulia habari inayonisumbua kila niikumbukapo. Wachungaji walimwendea Jones wakimtaka awafukuze makahaba mjini. Aliwauliza awafukuzie wapi, kwa kuwa popote waendako watakuwa mahali fulani, miongoni mwa watu fulani. Kisha akawaambia wachague wawili walio wabaya kuliko wote, naye atawapokea nyumbani kwake na kuwatunza mpaka wapate makazi na njia nyingine ya kuishi. Na kila mmoja wao achukue mmoja nyumbani kwake kwa masharti hayo hayo, ndipo kwa pamoja wawatafutie wengine makao. Wachungaji walitazamana, wakaondoka.

Walikuwa watu wa Mungu, na dhambi waliyoitaja ilikuwa dhambi kweli. Walilotaka ni mji msafi, ila gharama ya usafi huo ilipofika kwenye milango ya nyumba zao hawakuwa tayari kuilipa. Je, binti wa namna hiyo akiletwa kwetu Jumapili hii baada ya ibada, na mwenyekiti wa wazee wa kanisa akauliza ni nani atakayempokea chini ya paa lake, nani miongoni mwetu atainua mkono?

Jones alifariki Julai 1904 akiwa bado meya, na maelfu ya watu wa Toledo walijitokeza kumzika.

Bwana Yesu, tunaweka mbele zako waajiri walio katikati yetu, madiwani na mameya wa miji yetu, na nyumba zetu wenyewe pamoja na wale tunaowalipa mshahara ndani yake. Tupe kulitii neno lako hapo tulipo na uwezo wa kulikataa. Amina.