Chakula cha saa saba usiku

Nikisema niliwahi kufanya kazi kwenye Bwawa la Nyerere kule Rufiji, swali la kwanza huwa ni la simba. Nimewaona, ndiyo, na tembo nimewaona zaidi, kwa sababu kambi iko ndani kabisa ya hifadhi. Swali la pili ni la megawati, na hilo kila Mtanzania anaweza kulijibu siku hizi: 2,115, mashine tisa, kila moja 235. Hakuna anayeniuliza watu waliolijenga walikuwa wanakula nini. Mimi nilikuwa jikoni, shifti ya usiku, na naamini lile bwawa lina mkono wa wapishi kama lilivyo na mkono wa mafundi nondo.

Kazi ya ukuta ule haikuwa na usiku wala mchana. Zege linamwagwa tabaka juu ya tabaka, na tabaka la chini likishakauka sana kabla la juu halijafika, hayashikani vizuri. Kwa hiyo huwezi kuwaambia watu wote washushe vifaa waje mesi, ukumbi wa kulia chakula, kwa pamoja. Wanakuja kwa zamu, kikundi kikitoka kingine kinabaki. Chakula cha saa saba usiku kinatakiwa kiwe cha moto kwa wa kwanza na kiwe bado cha moto kwa wa mwisho anayeingia saa tisa, vumbi la saruji limemjaa hadi kwenye kope.

Ugali wa watu wengi namna ile hausongi peke yako. Tulikuwa wawili kwa sufuria moja, miiko mirefu kama makasia. Unaanza na uji, unauacha utokote sawasawa, na hapo ndipo penye hatari: uji mzito ukichemka unarusha matone, na tone likikurukia mkononi halidondoki, linang'ang'ania ngozi. Ndiyo maana tulivaa mikono mirefu hata usiku wa joto la Rufiji ambalo unatoka jasho ukiwa umekaa tu. Kisha unga, kidogo kidogo, mmoja anamimina mwingine anasonga, mnabadilishana mabega yakikataa. Ukiiva harufu inabadilika, ile ya unga mbichi inapotea kabisa, na ukiminya kwa vidole vilivyolowa haugandi. Kama bado unaganda, funika, subiri. Mtu anayekwenda kubeba nondo mpaka alfajiri usimpe ugali mbichi.

Wenzetu wa Rufiji na Kibiti chakula chao ni wali, na kwao ule wali una heshima yake. Nilikuwa napenda kuona foleni ya ukoko. Sufuria ikishapakuliwa, kuna vijana walibaki pale makusudi na sahani zao, kimya, wakijua nitakwangua. "Mama, usinisahau." Nilikuwa nawagawia kwa haki: waliokosa jana ndio wa kwanza leo.

Mboga ndiyo ilikuwa mtihani. Vitu vinakuja kwa gari kupitia Kibiti na Mloka, au vinashushwa na treni ya TAZARA stesheni ya Fuga na kumalizia kwa gari porini. Mchicha ukifika leo, uliwe leo na kesho. Baada ya hapo ni kabeji, maharage, dagaa, na vitunguu ambavyo ukivianika vizuri havikuangushi. Masika barabara ikiharibika, anayejua kupika dagaa kwa namna nne tofauti ndiye anayeokoa jikoni.

Na maganda hayatupwi ovyo. Taka za chakula zikilala nje usiku, asubuhi unakuta fisi wamepita, nyani wanasubiri juu ya kontena. Mlango wa stoo ulifungwa kila mara, hata ukitoka dakika moja kuchota chumvi.

Mkandarasi alikuwa wa Misri, kwa hiyo tuliishi na Wamisri wengi. Walikuwa na vyakula vyao, ful ya asubuhi, yaani maharage yao yaliyopondwa, koshari, mchanganyiko wa wali, dengu na tambi, yenye vitunguu vya kukaangwa mpaka viwe vikavu, na chai nyeusi ya mnanaa kwenye bilauri ndogo, sukari imejaa. Mwezi wa Ramadhani ndio uliotuweka meza moja kweli. Aliyekuwa juu ya ukuta Magharibi ikiingia alipelekewa tende na maji pale pale alipo. Jikoni tulipika uji wa pilipili manga, mihogo, magimbi, na saa tisa usiku tulikuwa tumeshatoa daku. Nilifunga pamoja nao, nikisonga huku koo limekauka, na sijawahi kuifurahia funga kama ile.

Jambo lililokuwa zito kuliko yote ni simu ya msiba. Mtandao ulikuwepo, kwa hiyo habari mbaya ilikukuta hapo hapo, lakini huwezi kuondoka usiku huo. Porini hakuna kutembea, na gari la kutoka ni la asubuhi. Mtu anakaa macho mpaka kupambazuke. Wengi walikuja kukaa jikoni, kwa sababu ndipo palipokuwa na taa na watu. Unampa chai, unaendelea kuchagua maharage, naye akikaa anaanza kuchagua na wewe bila kusema. Ikifika alfajiri kofia imeshazunguka mesi, rambirambi imepatikana, Watanzania na Wamisri wamechanga. Nimeona kijana wa Sumbawanga akifarijiwa na watu ambao hawakujua hata jina la kijiji chake.

Tarehe 22 Desemba 2022, Rais Samia alipozindua ujazaji wa maji, tulipika kama siku nyingine.

Kwa dada anayeniandikia kwamba ameitwa kazi ya jikoni kambini na anaogopa: nenda. Ila usibebe nguo za bluu wala nyeusi kama kambi iko pori lenye mbung'o, wanazipenda rangi hizo. Ndiyo maana hata vile vitambaa vya kuwategea ni vya bluu na nyeusi. Beba viatu vya kufunika vidole, kwa sababu sakafu ya jiko kubwa ina mafuta na maji muda wote. Kabla hujasaini, uliza likizo inakuja baada ya muda gani na nauli ni ya nani. Na mtoto ukimwacha kwa bibi yake kama nilivyofanya mimi, panga saa moja maalumu ya kupiga simu na usiivunje. Wangu alikuwa ananingoja saa kumi na moja jioni, kabla sijaingia zamu, na bibi yake alijua kabisa wakati huo hamtumi dukani.