Gome la muthiga

Jumamosi tukipita kwa wauza dawa za miti, binti yangu akauliza: "Baba, unga wote huu ni wa kahawia. Wanajuaje upi ni upi?" Nikamjibu huwa wanaonja. Usiku likanijia lile gunia la muthiga, mti wa dawa, tulilolipima maabara.

Mnunuzi alitaka kuhakikishiwa kwamba ni Warburgia ugandensis, si nduguye wa pwani, W. stuhlmannii. Jani hakuna, ua hakuna, ni magome makavu matupu. Tukategemea DNA ya kloroplasti, vile viungo vya kijani vya seli: jenomu yake, yaani DNA yake yote, ni fupi, kwa mimea mingi jozi za besi (herufi za DNA) 120,000 hadi 160,000, na nakala zimejaa kwenye seli, hivyo hata gome kuukuu hubakiza kidogo.

Kazi ilikuwa kuitoa hiyo DNA. Tulikwangua gamba la nje, tukasaga miligramu 100 za gome la ndani kwa nitrojeni kimiminika, tukatia bafa ya CTAB (sabuni ya kupasua seli) ya nyuzijoto 65 yenye PVP na merkaptoethanoli za kuzuia tanini, ile inayonuka yai viza. Tukasafisha kwa klorofomu. Nilipomimina isopropanoli baridi nilitarajia nyuzi nyeupe. Ukashuka uteute wa kahawia, kama ugoro uliolowa, ukagandamana na ukuta wa kichupa. Uwiano wa 260/230, kipimo cha mwanga kinachoonyesha usafi, haukufika 1, na DNA safi huwa karibu 2. Tulipoinakili kwa PCR na kuitazama kwenye jeli, mstari wa sampuli ya udhibiti uling'aa, wetu giza. Tanini ya gome ilikuwa imekizuia kimeng'enya cha PCR.

Dawa yake ni kuuosha unga kwa bafa ya sorbitoli kabla ya CTAB, ukirudia mpaka maji yaache kuteleza, kisha kuzimua DNA mara kumi. Mstari ukatokea.

Tukasoma vipande vya DNA vinavyotumika kutambua mimea. Cha rbcL kikaishia kwenye jenasi, ndiyo kawaida yake. Kwa matK praima, vile vipande vya kuanzishia PCR, hazikushika. trnH-psbA ina mlolongo wa herufi A ambao usomaji wa Sanger, njia ya kusoma DNA kipande kwa kipande, ukiupita huvurugika, ikabidi tusome kutoka ncha zote mbili. Mwishowe tukasoma jenomu nzima ya kloroplasti na kuilinganisha na ya majani yenye kielelezo hebaria, hifadhi ya mimea mikavu. Ikawa ugandensis.

Mnunuzi akasoma majibu, akauliza: "Ni gome la shina au la mzizi?"

Nikamweleza kuwa hilo halisomeki. Plastidi za mzizi, ndugu za kloroplasti zisizo na kijani, zina jenomu ileile.

"Basi na bei iwe nusu, daktari."