Soksi kwenye mkono mzima

Jamani nimekaa kimya muda mrefu mnisamehe, mwaka huu tumeuguza. Baba alipata stroku (kiharusi) mwezi wa pili, asubuhi akiwa anavaa viatu, presha alikuwa nayo miaka na dawa anakunywa siku akijisikia tu, upande wa kulia wote ukalala. Mguu ulirudi kidogokidogo, baada ya miezi kama miwili akawa anajikongoja mpaka chooni. Mkono sasa. Mkono ulikaa tu mapajani kama mzigo alioshikishwa na abiria mwenzake.

Na sisi nyumbani tulimdekeza mno. Mama anamlisha, mimi namfunga vifungo, mdogo wangu anamnawisha, akiangalia tu kikombe mtu kashakileta. Jioni anachuliwa na mafuta ya karafuu, basi tukaamini hayo ndo mazoezi. Siku dada wa fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) alipokuja nyumbani alikaa akatuangalia weee, halafu akauliza, "Huo mkono wa kulia mara ya mwisho umefanya kazi lini?" Tukatazamana.

Akamwambia Baba ainue kiganja, kikainuka kidogo, vidole vikafunguka nusu. Akasema hapa pa kuanzia papo (kama mkono haujitikisi kabisa njia hii haifai, alisisitiza), leteni soksi nene mumvalishe mkono wa kushoto. Ule mzima! Mama akaja juu, "Mwanangu, mume wangu kabaki na mkono mmoja na huo nao unaufunga?"

Usiku nikaingia mtandaoni kusoma. Kumbe kuna profesa Marekani, Edward Taub wa chuo cha Alabama, alianza na nyani, nyani mkono ukikatwa mishipa ya hisia anaacha kuutumia hata kama bado unaweza, amejaribu ukamshinda basi ameukatia tamaa, lakini ukifunga ule mzima ule mwingine unaamka. Mwaka 2006 ukatoka utafiti mkubwa wa watu 222 waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu wapate kiharusi, karibu nusu yao wakavalishwa glavu mkono mzima wiki 2, karibu muda wote wakiwa macho, na kwa siku mazoezi yanafika hadi masaa 6, mwaka mzima baadaye bado walikuwa na nafuu kuliko wenzao. Kingine kilichoniuma, mwaka 2009 watafiti walikaa wakahesabu wagonjwa wanarudia zoezi la mkono mara ngapi kwenye kipindi kimoja cha fizio, wastani ni 32! Nikakumbuka kliniki tuliyokuwa tunaenda, bajaji kwenda na kurudi, foleni asubuhi nzima, halafu mkono unanyooshwa mara chache kwaherini.

Sisi masaa 6 hatukuyaweza. Soksi inavaliwa saa mbili asubuhi mpaka saa tano, akitaka kutembea inatoka kwanza maana mkongojo anashika kushoto, chai ya moto pia inatoka. Na bega, dada alitukataza kabisa kumnyanyua kwa kumvuta mkono uliolala, misuli ikilegea bega linachomoka, na sisi ndo tulivyokuwa tunamtoa kitandani kila siku, Mungu atusamehe.

Siku ya kwanza tulimpa maharage ahamishe kutoka sahani hii kwenda ile. Akahamisha 11, vidole vikakaza, akasukuma sahani, akalia. Baba yangu sijawahi kumuona analia. Siku ya tatu akagoma kabisa, "mimi si mtoto wa chekechea."

Bao ndo liliokoa. Baba ni mtu wa bao tangu ujana, nikalitoa uvunguni nikalipangusa vumbi, kete 64, kila kete uishike kwa ncha za vidole uiachie shimoni, moja moja. Hakuna aliyemwambia hesabu. Asubuhi moja anafika mia mbili na hajui, akichoka anatukana kete.

Vifungo vya shati bado hawezi. Kijiko anashika, nusu ya wali unabaki mkekani. Jirani anayecheza naye analalamika kwamba wanaanza baada ya alasiri na adhana ya magharibi inawakuta mchezo mmoja haujaisha. Juzi kete ikadondoka, jirani akainama aiokote, Mama akapiga kelele kutoka jikoni, "Iache hiyo! Ataiokota mwenyewe!"